REU za Aljebra Marekani: Pima kwa Ubao, Si kwa Jina la Chuo

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, vyuo kadhaa vya Marekani hupokea vikundi vidogo vya wanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa kawaida kwa wiki nane hadi kumi. Wanapewa posho, mahali pa kulala na swali la hisabati ambalo bado halina jibu, kisha wanatakiwa kusimama mbele ya watu na kueleza walichopata. Programu hizi huitwa REU, kifupi cha Research Experiences for Undergraduates. Nyingi hulipiwa na NSF, shirika la serikali ya nchi hiyo linalofadhili sayansi, ambalo lilianza kuzigharimia kwa jina hilo mwaka 1987. Hapa tunazipima zile za aljebra: makundi (mifumo yenye operesheni moja inayoweza kutenguliwa), ringi (mifumo ya kujumlisha na kuzidisha), polinomia na jamaa zao.

Tuseme mapema: kwa mwanafunzi aliyemaliza angalau kozi moja ya aljebra dhahania na anayejua kuandika uthibitisho, ni vigumu kupata majira ya joto yenye faida kuliko haya. Asiyefikia hapo atatumia wiki nne akikimbizana na fasili, na wiki nne zilizobaki hazitamtosha. Ila REU hazilingani. Watu huzichagua kwa jina la chuo, na hicho ndicho kipimo kibovu kuliko vyote. Kipimo kizuri ni swali moja unaloweza kuwauliza waandaaji kwa barua pepe kabla ya kuomba: mwanafunzi husimama ubaoni mara ngapi kwa wiki?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya namna aljebra inavyoficha makosa. Chukua mada ambayo wanafunzi wengi hupewa, grafu ya vigawo vya sifuri. Hesabu kwa namba 0 hadi 11 kama saa ya ukutani, ukifika 12 umerudi sifuri. Humo 3 mara 4 ni sifuri, ingawa si 3 wala 4 iliyo sifuri yenyewe. Namba za aina hiyo ni saba: 2, 3, 4, 6, 8, 9 na 10. Weka nukta kwa kila moja, na unganisha nukta mbili kwa mstari kila zao lao linapokuwa sifuri. Nukta 6 itaungana na 2, 4, 8 na 10. Nukta 3 na 9, kila moja itaungana na 4 na 8. Mistari ni minane, basi. Kutoka 2 kwenda 3 hakuna njia fupi kuliko mistari mitatu: 2, 6, 4, 3.

Mwaka 1999 David Anderson na Philip Livingston walithibitisha kwamba hali ni hiyo kwa kila ringi ya kubadilishana (ab ni sawa na ba) yenye namba 1: nukta zote zimeunganika, na hakuna mbili zilizoachana kwa zaidi ya mistari mitatu. Mwanafunzi akipewa theoremu hii aieleze wiki ya kwanza, karibu kila mara ataandika hivi: chukua x na y ambazo zao lao si sifuri; tafuta a isiyo sifuri ambayo ax ni sifuri, na b isiyo sifuri ambayo by ni sifuri; kama ab ni sifuri, njia ni x, a, b, y; kama si sifuri, njia ni x, ab, y. Kwenye karatasi inapita vizuri kabisa. Ubaoni, mtu wa safu ya pili atauliza: je, kama a ni x yenyewe? Kwani katika mfano wetu 6 mara 6 ni 36, yaani sifuri, na nukta haijiungi na nafsi yake. Jibu ni fupi: nukta iliyojirudia inaondolewa na njia inazidi kufupika, kwa hiyo theoremu inasimama. Lakini mwanafunzi ambaye hakuwahi kuliwaza swali hilo atakwama pale pale, na hapo ndipo anapojifunza tofauti ya uthibitisho aliousoma na uthibitisho alio nao. Programu inayosubiri siku ya mwisho ili watu waeleze kazi yao inawanyima wanafunzi wake nafasi hii kwa wiki saba nzima. Makosa ya namna hii yakionekana wiki ya kwanza yanarekebishwa kwa dakika tano. Yakionekana wiki ya nane, yanabomoa sehemu ya makala.

Sasa programu zenyewe. Ya Duluth, katika Chuo Kikuu cha Minnesota Duluth, iliasisiwa na Joseph Gallian mwaka 1977, miaka kumi kabla REU hazijapata jina. Sifa yake kuu ni kwamba kila mwanafunzi hupewa tatizo lake peke yake. Kombinatoria na nadharia ya namba zimekuwa na nafasi kubwa huko, na nadharia ya makundi pia. Ni mahali pa mtu aliyekwisha kukomaa: hakuna wa kujificha nyuma yake, na tatizo lisipofunguka ni wewe na msimamizi mnaoamua kubadilisha swali.

SMALL ya Williams College, Massachusetts, ilianza 1988, na jina lake limetokana na herufi za kwanza za majina ya walimu walioianzisha. Huko wanafunzi hufanya kazi kwa vikundi, na kikundi cha aljebra ya kubadilishana chini ya Susan Loepp ni cha kuangaliwa na yeyote anayependa ringi. Maswali ya eneo hilo yanahusu ringi za lokali na ukamilisho wake, yaani ringi inayopatikana kwa kujaza mipaka iliyokosekana: ukipewa ringi iliyokamilika, je, ni ukamilisho wa ringi yenye sifa fulani? Yanahitaji kusoma sana mwanzoni, kwa hiyo asiyejua ideali tasa na ideali kuu asianzie hapo.

Berkeley kuna programu iliyojulikana kwa muda mrefu kama MSRI-UP. Taasisi yake imebadilisha jina kuwa SLMath tangu 2022. Ni ya wiki sita, vikundi ni vya watu watatu, na mada moja kubwa hubadilika kila mwaka. Aljebra haipo kila msimu, kwa hiyo tazama mada ya mwaka husika kabla ya kujaza chochote. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego wamefanya kazi nyingi juu ya uvunjaji wa namba usio wa njia moja, eneo ambalo mwanzo wake ni rahisi ajabu. Kwa mfano: ukiruhusiwa kujumlisha 6, 9 na 20 tu, namba kubwa kuliko zote usizoweza kuzipata ni 43. Namba 18 unaipata kwa 9 mbili au kwa 6 tatu, kwa hiyo urefu wa uvunjaji wake ni 2 au 3. Kutoka hapo maswali yanapanda haraka hadi mahali ambapo wataalamu nao hawajafika. Kwa mtu wa mara ya kwanza, mada za aina hii zinazidi zile nzito, kwa sababu jioni ya siku ya kwanza tayari ana jedwali la mifano yake mwenyewe.

Tatizo binafsi au kikundi? Kwa aljebra, na kwa mtu ambaye hajawahi kufanya utafiti, kikundi cha watatu au wanne ni bora. Hatari yake inajulikana: mmoja anaandika programu za kompyuta, mmoja anaandika makala, wa tatu anaitikia kwa kichwa. Msimamizi mzuri huzuia hilo kwa njia moja, nayo ni kuzungusha wasemaji bila taarifa. Asubuhi ya siku ya kueleza ndipo anapotaja nani atasema sehemu ipi, hivyo kila mmoja hulazimika kuijua kazi yote. Ukiwauliza waandaaji wakakujibu kwamba kila kikundi huchagua msemaji wake, ujue huenda ukawa yule wa tatu.

Mpangilio wa wiki unafanana karibu kila mahali. Wiki mbili za kwanza ni mihadhara na kusoma makala za zamani. Ya tatu ni ya mifano midogo iliyofanywa kwa mkono. Ya nne na ya tano, makisio yanaanza kujitokeza. Ya sita na ya saba ni za uthibitisho, na zinazobaki ni za kuandika na kuandaa maelezo. Panapoharibika zaidi ni kati ya wiki ya tatu na ya tano, na chanzo huwa ni kimoja: mifano michache mno.

Hapa kompyuta haikwepeki. GAP, programu ya bure ya aljebra, ina maktaba ya makundi yote yenye ukubwa, yaani idadi ya vitu vilivyomo, usiozidi 2000, isipokuwa yale ya ukubwa 1024, ambayo ni 49,487,367,289 na hayahifadhiki humo. Mwanafunzi anaweza kuipa amri moja na kupitia makundi yote 267 ya ukubwa 64. Raha hiyo ina mtego. Chukua makomuteta, yaani vitu vya umbo a⁻¹b⁻¹ab. Je, ukiyakusanya yote ndani ya kundi, mkusanyiko huo wenyewe ni kundi dogo? Jaribu kila kundi la ukubwa 1, 2, 3 na kuendelea mpaka 95: jibu ni ndiyo, bila hata moja linalokataa. Mtu wa haraka ataandika theoremu. Kwenye ukubwa 96, kati ya makundi 231 yaliyopo, mawili yanakataa. Kwa hiyo kisio linalotegemea mifano mpaka 40 au 60 halijapimwa bado, na msimamizi anayeruhusu liandikwe ubaoni bila kuuliza "umefika ukubwa gani?" hakusaidii. Kosa la pili ni la kinyume chake, nalo ni kukaa na kompyuta hadi wiki ya sita. Programu ikishatoa ukweli kwa ukubwa wote hadi mia kadhaa, haitakwambia kwa nini ni kweli. Hapo funga kompyuta, chukua kundi moja la ukubwa 8 au 12, na lifanye lote kwa mkono.

Maelezo ya mwisho yanastahili sehemu yake, maana ndiyo bidhaa ambayo watu wa nje huiona. Muda wa kawaida ni dakika 15 hadi 20. Katika dakika 20, slaidi 12 hadi 14 zinatosha. Zikifika 25 msemaji anaanza kuruka kurasa, na kinachorukwa ni uthibitisho. Mpangilio unaofanya kazi katika aljebra ni huu. Anza na mfano wenye namba, kama ule wa 12 hapo juu, kabla ya fasili yoyote. Kisha fasili mbili, tatu kwa shida. Kisha theoremu yako mwenyewe kabla ya dakika ya nane, maana wasikilizaji wanachoka na wewe pia. Baada ya hapo thibitisha kisa kimoja tu kikamilifu, visa vingine vitaje, na umalize na swali lililobaki wazi. Msemaji anayeanza na "ringi ni seti yenye operesheni mbili" mbele ya wanahisabati amepoteza dakika tatu. Anayeanza na hilo mbele ya wanafunzi wa uhandisi amewapoteza wao.

Makosa ya slaidi yanajirudia mwaka hadi mwaka. Wengi hutumia Beamer, zana ya slaidi ndani ya LaTeX, programu ya kuandikia hisabati, na ukurasa wake wa kawaida ni milimita 128 kwa 96, yaani umbo la skrini za zamani. Kwenye projekta ya leo unaacha mapengo meusi pembeni, kwa hiyo weka chaguo la aspectratio=169 tangu mwanzo. Ukibadilisha siku ya mwisho, michoro yote inahama. Amri ya \pause ni nzuri kwa kufunua mstari mmoja mmoja, ila ukichapisha faili hilo kila hatua inakuwa ukurasa wake, na slaidi 14 zinageuka karatasi 50. Chaguo la handout linaondoa tatizo hilo. Beba PDF kwenye flashi hata kama umeshaituma, na usitegemee intaneti ya ukumbini. Alama nazo: ukitumia R kwa ringi na pia R kwa namba halisi ndani ya maelezo yale yale, kuna mtu atakukatiza, na atakuwa na haki.

Programu ikiisha kazi nzuri ina pa kwenda. Ohio State imekuwa ikiandaa mkutano wa wanafunzi wa REU mwezi Agosti, MathFest, mkutano mwingine wa hisabati, hufanyika majira hayo hayo ya joto, na mkutano mkubwa wa pamoja wa wanahisabati wa Januari una sehemu ya mabango ya wanafunzi. Kwa kuchapisha, jarida la Involve, lililoanza 2008, linataka angalau theluthi moja ya waandishi iwe wanafunzi. Kuweka makala kwenye arXiv, hifadhi ya makala ya mtandaoni, kwa mara ya kwanza kwa kawaida kunahitaji mtu wa kukuidhinisha, na msimamizi ndiye wa kuombwa. Mwombeni kabla hamjatawanyika. Vikundi vingi hufikia theoremu na kushindwa kuchapisha, kwa sababu Septemba ikifika kila mmoja yuko chuoni kwake na hakuna aliyepewa jukumu la kumaliza utangulizi. Hii ni dosari ya huduma yenyewe, si ya wanafunzi tu: programu inayomaliza wiki ya nane bila rasimu kamili mkononi mwa kila mshiriki imeacha kazi njiani.

Dosari nyingine ni ya nani anaruhusiwa. Fedha za NSF ni za raia wa Marekani na wakazi wa kudumu, basi. Kijana wa Kikongo au Kirundi aliyefika Marekani na familia kama mkimbizi, anayesoma chuo cha jimbo lake, hawezi kulipwa kwa fedha hizo kabla hajapata grini kadi. Mkimbizi huomba grini kadi baada ya kukaa nchini mwaka mmoja, na kuichelewesha kunamnyima nafasi kama hizi bila yeye kujua. Mwanafunzi wa Kenya au Tanzania aliye Marekani kwa viza ya masomo naye haingii kwenye fungu hilo, ingawa baadhi ya programu zina fedha nyingine pembeni za kumlipia. Andika kuuliza, usijitoe mwenyewe. Na kwa kuwa ruzuku hizi hutolewa kwa miaka michache kisha huombwa upya, programu inaweza kuwapo mwaka huu na isiwepo mwaka ujao. Usijaze maombi kwa tangazo la mwaka uliopita.

Maombi yenyewe hufungwa mara nyingi kati ya Januari na Februari. Yanataka matokeo ya masomo, barua ya kujieleza na barua mbili za mapendekezo. Barua ya kujieleza inayoanza na "nimependa hesabu tangu utotoni" inafanana na nyingine mia. Afadhali aya moja inayotaja theoremu uliyoisoma, mahali ulipokwama, na ulivyojikwamua. Kwa barua za mapendekezo, mwalimu wa kozi ya uthibitisho aliyekupa alama ya wastani lakini akaona ukifanya kazi ubaoni anafaa kuliko profesa mwenye jina ambaye hakukumbuki. Mpe wiki nne, na mpe pia nakala ya kazi moja uliyoiandika, apate cha kusema. Omba programu nane hadi kumi. Nafasi za kila moja ni chache, aghalabu chini ya ishirini, na za aljebra ndani yake ni chache zaidi.

Kwa walioko Afrika Mashariki, REU si mlango wao, lakini ipo huduma ya karibu nayo: shule za utafiti za CIMPA, shirika lenye makao Nice, Ufaransa, tangu 1978. Huendeshwa katika nchi zinazoendelea, kwa kawaida kwa wiki mbili, na hulipia safari na malazi ya washiriki kadhaa kutoka kanda husika. Aljebra na jiometria ya aljebra hurudi mara kwa mara kwenye ratiba. Ni za wanafunzi wa shahada ya pili na ya uzamivu zaidi kuliko wa shahada ya kwanza, na wiki mbili hazitoshi kuzaa theoremu. Zinatosha kusoma mada moja kwa kina na kupata msimamizi wa kuandikiana naye baadaye. Wa sekondari wana programu za majira ya joto za Ross, iliyoanza 1957, na PROMYS ya Boston, ya 1989, ambazo hupokea maombi kutoka nje ya Marekani na hujengwa juu ya nadharia ya namba. Kote huko ombi linaambatana na seti ya maswali ya hisabati ya kutatua nyumbani. Hayo maswali ndiyo yanayopima. Tuma hata jibu lisilokamilika, ukionyesha mifano uliyojaribu na mahali hoja ilipokatikia, na uanze mapema ili muda wa viza usikubane.